Kumrudisha Bibi Shishiyu kwa Gari la Umeme

Bibi yangu mzaa mama alikaa kwetu Bariadi karibu kiangazi chote akitibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika pande zote mbili, hata mimi alinitambua kwa sauti na kwa harufu ya mafuta ninayopaka. Siku alipofunguliwa bandeji ya jicho la pili, mtu wa kwanza kumwona vizuri alikuwa mume wangu, aliyesimama karibu na mlango wa wodi. Bibi alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, halafu akaniambia kwa Kisukuma, wodi nzima ikisikia, kwamba kumbe miezi yote hiyo alikuwa anakula ugali na mwanamume mwenye upara.

"Nywele zilikuwepo, Bibi," mume wangu akamjibu. "Wewe ndiye umechelewa kupona."

Ndivyo walivyo hao wawili. Kwetu bibi na mume wa mjukuu wake wana ruhusa ya kutaniana, na wao hawakuiacha ruhusa hiyo ilale hata siku moja. Bibi alimwita "mume wetu". Mimi nilikuwa "mke mwenzangu". Mboga ikizidi chumvi alimuuliza mbele yangu kama bado hajafikiria kunirudisha nyumbani, ili wabaki wawili wale vizuri.

Gari tulikuwa tumelipata mwaka huohuo. Mume wangu alilinunua kwa mfanyakazi mwenzake aliyehamishiwa mkoa mwingine: gari dogo la buluu, la umeme, lililokwisha kutembea sana huko lilikotoka kabla ya kuletwa nchini. Mtaani watu walilisogelea wakaweka sikio kwenye boneti. Mume wangu alipenda sana kuwaeleza. Halina oili, halina plagi, halijui kituo cha mafuta kiko wapi, unalichomeka ukutani jioni kama simu, asubuhi unaondoka. Kitu kimoja tu hakukisema kwa sauti kubwa. Betri ilikuwa imezeeka. Hata ikijaa kabisa na dashibodi ikaandika kilomita zaidi ya mia, kilomita hizo zilikuwa kama ahadi za fundi cherehani wiki ya Krismasi.

Daktari aliporidhika na macho, na mvua za kwanza zikawa zimeanza kunyesha, Bibi akasema sasa anataka kwenda kwake Shishiyu, na anataka kwenda na gari la mume wake. Mpango ulipangwa hivi: tungeondoka Jumamosi asubuhi, tukapita Maswa, tukamfikisha, tukala, tukageuza jioni. Bibi hakuupenda huo mwisho.

"Mtalala," akasema.

"Bibi, Jumapili nina kikao cha kamati ya ujenzi wa kanisa."

"Hilo kanisa likijengwa siku moja baadaye litaanguka?"

Mume wangu akacheka, lakini mpango hakuubadilisha.

Usiku wa kuamkia safari umeme ulikatika mtaani kwetu, na uliporudi kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Asubuhi nilipotoka nje nilimkuta mume wangu ameinama ndani ya gari akiangalia dashibodi. Betri ilikuwa robo tatu. Nilimwambia tusubiri mpaka mchana ijae.

"Ya kufika ipo," akasema. "Kule tutachaji wakati tunakula."

Hata kama angekubali kusubiri, Bibi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, miwani ya jua aliyopewa hospitali machoni. Alikuwa amepiga simu Shishiyu tangu alfajiri, akawaambia anakuja na gari lisilotoa moshi.

Kilichotuchelewesha ni godoro. Tulikuwa tumemnunulia Bibi godoro jipya, nene, na ndani ya gari halikuingia. Mume wangu alilizunguka kama mtu anayepima ng'ombe wa kununua. Alinieleza kwamba likifungwa juu litakamata upepo, na upepo unakula chaji kuliko mzigo wenyewe. Tukajaribu kulikunja nyuma, likanibana mimi dirishani mpaka nikawa siwezi kugeuza shingo.

"Mwache mke mwenzangu hapahapa," Bibi akashauri kutoka mbele. "Godoro likae kwa nafasi."

Mwishowe likafungwa juu kwa kamba, na mume wangu akaendesha kutoka Bariadi akiwa na uso wa mtu aliyelala na njaa.

Barabara ya lami kati ya Bariadi na Maswa ni nzuri, na ndiyo maana aibu yetu ilikuwa kubwa zaidi. Tulikwenda polepole ili kutunza chaji. Kiyoyozi kilikuwa marufuku. Madirisha nayo yalifungwa karibu yote, kwa sababu ya upepo uleule. Redio aliiacha, akasema haili kitu, lakini nilipochomeka simu yangu aliniangalia kwenye kioo mpaka nikaichomoa mwenyewe. Mabasi yalitupita. Malori yalitupita. Ikaja pikipiki yenye mbuzi aliyefungwa nyuma kwenye keria, nayo ikatupita, na yule mbuzi akabaki anatuangalia mpaka wakapotea mbele.

"Ametuonea huruma," Bibi akasema. Kisha akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Mume wetu, unatupeleka nyumbani au unatuchemsha?"

Kwenye mteremko wa kwanza mume wangu alichangamka. Alituonyesha mshale wa dashibodi ukirudi nyuma. Gari hili, akasema, likiteremka linajichaji lenyewe. Hapo tumeshaokoa kilomita nzima.

Bibi aliwaza kidogo. "Basi turudi juu tuteremke tena."

Nilicheka mpaka nikagonga kichwa kwenye dirisha. Mume wangu alianza kumweleza kwamba kupanda kunakula zaidi ya kinachopatikana kwenye kuteremka, akaishia katikati, akacheka na yeye.

Maswa tulisimama kwa sababu Bibi aliomba. Alitaka kanga. Kwa miaka mingi kanga zake zilichaguliwa na watu wengine, na yeye alizivaa bila kujua zina rangi gani. Sasa alisimama mbele ya kibanda pale sokoni akateremshiwa moja baada ya nyingine. Alizishika, akazipeleka mwangani, akazirudisha. Muuzaji alimwambia zambarau inamfaa mtu mzima, Bibi akamjibu kwamba zambarau alikuwa anaiona hata alipokuwa kipofu, ampe ya njano. Alichukua ya njano yenye maua mekundu, akaivaa palepale, na hakuna mtu sokoni aliyeweza kusema hakumwona.

Hapo ndipo nilipomwambia mume wangu aombe kuchaji kidogo kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Aliangalia dashibodi, akaangalia saa. Akasema kilomita zilizobaki kwenye betri zinazidi zilizobaki barabarani, na zinazidi kwa mbali. Kwa kweli zilizidi. Tatizo ni kwamba dashibodi ilikuwa inazungumzia lami.

Tulipoiacha lami na kuingia barabara ya udongo, mvua ya juzi yake ilikuwa imeshafanya kazi yake. Gari lilikwenda likiserereka, magurudumu yakizunguka zaidi ya yanavyosogea. Mbele kidogo tukakuta kalavati limebomoka, na mtu aliyekuwa akipalilia jirani akatuelekeza kichepuo kinachozunguka mashambani. Kichepuo hicho kilikwenda, kikakata kona, kikarudi karibu na tulikotoka, kikaenda tena. Nimeishi na mume wangu miaka ya kutosha kujua kwamba akianza kuendesha huku ameegemea mbele, kifua kikikaribia usukani, si wakati wa kumkumbusha nyumba ya wageni.

Aliyezungumza ni Bibi. Alikuwa amevua miwani ya jua na kuinamia dashibodi.

"Huyu mdudu alikuwepo tangu asubuhi?"

"Mdudu gani, Bibi?"

"Huyu hapa, wa njano. Ana miguu minne. Ni kobe."

Kweli alikuwa kobe. Mwenye gari la umeme anamjua: akiwaka, maana yake betri imekwisha na gari linajibana, litatambaa kadiri linavyoweza halafu litalala. Mume wangu alisema jina la Mungu kwa sauti ndogo. Bibi aliendelea kumwangalia kobe wake, amefurahi kwamba amemwona kabla ya wenye macho ya siku zote.

Tulitambaa. Ng'ombe waliokuwa wakila kando walituangalia bila kutafuna. Kwenye ukingo wa shamba lililokuwa limelimwa nusu, gari likasimama.

"Limezimika?" Bibi akauliza.

"Limezimika, Bibi."

"Ungenyamaza nisingejua. Lilikuwa kimya hivihivi likiwa zima."

Mtandao ulikuwepo, basi nikampigia mjomba, kaka wa mama, anayeishi boma moja na Bibi, kwenye mji huohuo. Hakuwa mbali, alikuwa analima. Baada ya muda tulimwona anakuja kati ya mashamba na maksai wake wawili, nira shingoni, mnyororo wa plau begani kwake. Mume wangu alishuka haraka akafunga vifungo vya shati. Kwa Bibi ana mdomo, lakini mjomba ni mkwe wake, na kwa mjomba huwa anazungumza kama yuko kwenye usaili wa kazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Limekufa?"

"Halijafa, mjomba. Limeishiwa chaji."

"Ndiyo kufa kwenyewe," mjomba akasema. Hakutabasamu. Mjomba hatabasamu ovyo. Alimsalimu mama yake, akamuuliza macho yanaonaje, akaridhika, kisha akazunguka gari akitafuta mahali pa kufunga mnyororo.

Hapo mume wangu alionyesha kwamba hakulinunua gari kwa kusikia tu. Alinyanyua kapeti la buti, akatoa pete ya chuma, akaikaza mbele ya gari kwenye tundu lake. Aliweka gia huru. Akamweleza mjomba kwa adabu zote kwamba gari la namna hii halipaswi kuvutwa mbali wala kwa kasi, maana magurudumu yakizunguka yanazungusha mota, na mota inaweza kuungua.

Mjomba aliwaangalia maksai wake. "Hawa hawajawahi kulaumiwa kwa kasi," akasema.

Nilitaka kumwitia Bibi bodaboda imtangulize nyumbani. Alikataa hata kusikia.

"Niliwaambia watu nakuja na gari," akasema. "Sikuwaambia gari litavutwa na nini."

Basi tulikwenda hivyo. Mjomba mbele na fimbo, akiwasemesha maksai kwa Kisukuma. Nyuma ya maksai gari la buluu lenye godoro kichwani. Ndani Bibi na kanga yake ya njano, dirisha limefunguliwa mpaka chini kwa sababu sasa upepo haukuwa na cha kula. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili. Mimi nilitembea kando, kupunguza uzito, na pia ili nione vizuri.

Watu walitoka majumbani. Wanawake waliokuwa kisimani waliweka ndoo chini. Mmoja alimuuliza mjomba kama hilo ndilo plau jipya na linauzwa wapi, mjomba akapita bila kujibu. Vigelegele vilianza kabla hatujafika, na Bibi akatoa mkono dirishani akapunga kama bibi harusi, akimsalimu kila mtu "mwadila" kwa jina lake, maana sasa aliwaona. Tulipofika kona ya kuingia kwenye mji wake, mume wangu aliwasha indiketa ya kushoto. Nilimuuliza baadaye alikuwa anamwashia nani. Alisema ni mazoea.

Chakula kilikuwa tayari, lakini yeye hakukaa mpaka gari lichomekwe. Nyumba ya mjomba ina umeme, wa taa na wa redio. Tulivuta ekstensheni kupitia dirishani, gari likaanza kuchaji, mume wangu akanawa mikono. Alikuwa na tonge la kwanza mkononi aliposikia harufu. Aliliacha tonge, akakimbia, akagusa waya, akauchomoa: ulikuwa wa moto na plastiki imeanza kulainika. Alirudi akamwomba mjomba radhi. Akasema waya mwembamba kama ule haufai kuachiwa gari, ungeweza kutuchomea nyumba, na ni bora gari lilale na njaa.

"Kwenye mashine ya kusaga kuna waya mnene," mjomba akasema, na akaenda kuwafunga tena maksai.

Mashine ya kusaga iko kwenye senta, na mwenye mashine ni mama mmoja mkubwa wa umbo na wa sauti. Alikubali kwa masharti mawili. Mume wangu anunue umeme wake mwenyewe aingize kwenye mita, na gari lichaji mashine ikiwa imesimama tu, maana vyote viwili pamoja vingeangusha umeme wa senta nzima. Wanawake waliokuja na mahindi walikuwa bado wamejipanga. Mume wangu alikaa kwenye foleni pamoja nao, juu ya kigogo, akisubiri zamu yake.

"Baba, wewe umeleta nini kusaga?" mmoja akamuuliza.

"Nimeleta gari."

"Unataka dona au sembe?"

Alirudi nyumbani jua likiwa limeinama, vumbi la unga kwenye nyusi, akatutangazia kwamba gari limechomekwa, litachaji usiku kucha na haliwezi kuwa tayari kabla ya kesho mchana. Bibi alipokea habari hiyo kwa utulivu ambao haukumdanganya mtu. Alikuwa ameshamwambia binamu yangu achinje kuku wa pili.

Mume wangu alipanda kwenye kichuguu penye mtandao mzuri akampigia mwenyekiti wa kamati. Nilimsikia akisema amekwama Shishiyu kwa sababu za kiufundi.

"Amesemaje?" nikamuuliza alipoteremka.

"Amesema pole. Na kwamba video ameshaiona. Kamati yote imeiona."

Sijui nani alitupiga ile video. Ninayo mpaka leo. Indiketa inaonekana vizuri.

Jioni ile, mwanga ukiwa bado upo, Bibi aliniomba nimshike mkono tuzunguke mji wake. Hakuhitaji kushikwa, lakini nilimshika. Alikwenda zizini akawaangalia ng'ombe mmoja mmoja, akagundua kwamba yule aliyekuwa akiambiwa ni mweupe ana mabaka. Aliangalia paa la nyumba yake, akasema mabati yameshika kutu na hakuna aliyemwambia. Wajukuu wadogo waliozaliwa wakati haoni aliwaita akawashika mashavu, akawapanga nani anafanana na nani. Mjomba alipopita na ndoo ya maziwa, alimtazama mpaka akaingia ndani.

"Mwanangu amezeeka," akaniambia polepole. "Sauti yake haikuzeeka."

Tukakaa kwenye mkeka nje ya jiko. Aliugeuza uso wangu kwa mkono wake, akauelekeza kwenye mwanga uliobaki.

"Umechukua sura ya mama yako. Hasa hapa, chini ya macho."

Mama alifariki nikiwa bado shule. Nilimwambia Bibi kwamba ameshaniona wiki nyingi Bariadi, tangu alipotolewa bandeji, mbona hakusema?

"Kule kwenu ulikuwa unapita tu," akasema. "Asubuhi unapita kwenda kazini, jioni unapita kwenda jikoni. Nitakuonaje mtu anayepita?"

Nilibaki nimekaa, uso wangu mkononi mwake, mpaka mume wangu alipokuja kuuliza kama kuku ameiva na Bibi akamwambia mwanaume aliyekuja na maksai anakula mwisho.

Tulilala kwenye godoro lile jipya, kwa amri yake. Jumapili asubuhi tulikwenda naye kanisani, kwa miguu, na sala ilikwenda polepole kwa sababu kila mtu alitaka kumwonyesha uso. Mchana mama wa mashine alituma ujumbe kwamba gari limejaa na linazuia mlango. Mjomba alitusindikiza mpaka pale, akampa mume wangu mkono, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akimwambia.

"Siku nyingine usinunue kubwa zaidi ya hili," akasema. "Maksai wangu ni hao wawili tu."

Mume wangu hakuwa na hakika kama anaruhusiwa kucheka. Tulikuwa tumeshaondoka mbali alipoanza, na alicheka mpaka karibu na lile kalavati.

Maswa safari hii hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya wageni, akazungumza na mhudumu, akagusa soketi, akakagua waya wao, akachomeka. Tuliagiza chai na chapati, baadaye wali, baadaye chai tena. Mvua ikaja ikatufungia barazani. Sikumbuki lini tena tuliwahi kukaa saa nyingi namna ile bila mtu kumtafuta mmoja wetu. Alinieleza habari za ofisini kwao ambazo kumbe zilikuwa zinamsumbua tangu Pasaka. Nami nikamweleza za kwangu. Kisha akalala kwenye kiti, mdomo wazi, na mimi nikaenda kila baada ya muda kuangalia waya kama haujapata moto.

Tulifika Bariadi jua halijazama. Aliegesha, akaangalia dashibodi, akaniita niione. Betri ilikuwa imebaki zaidi ya thuluthi.

"Unaona?" akasema. "Tungeweza hata kupita kwa dada yako."

Nilishuka nikaenda kufunga geti.